Kompyuta Yako Imegoma

Mwananyamala,
9 Agosti 1997

Kaka yangu mpenzi Abdulrahman,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute huko Pune mzima wa afya, na mvua za huko India ziwe zimekuachia japo shati moja kavu. Sisi hatujambo. Macho ya Baba yanazidi kufifia, ila sauti ni ile ile, mtaa mzima unaisikia.

Nina habari ya kompyuta yako, na usiichane barua kabla hujaimaliza. Uliniambia nisiguse kitu, maana humo ndimo zilimo habari za ukoo alizokusimulia Baba mwaka mzima, nawe ukasafiri bila kuzichapa kwenye karatasi. Basi rafiki yangu Farheen akaniletea sidii yenye kerneli mpya, ile roho ya Linux, programu inayoiendesha mashine yako. Nikatamani kujua ina nini ambacho ya zamani haina. Unanijua.

Mgawo wa umeme kwetu ulikuwa unaanza saa nane mchana. Mashine ilitengeneza kerneli tangu asubuhi, ikamaliza zikiwa zimebaki dakika kumi. Nikaiweka mpya mahali pa ile ya zamani, nikazima mbiombio. Kesho yake kuwasha, ikaandika inapakia Linux, ikatia vidoti vinne, ikaganda.

Baba aliponiuliza kulikoni, nikamwambia umeme umeiunguza. Akauliza kama na ukoo nao umeungua. Nikajibu sijui. Siku ya pili, baada ya alasiri, akaniita nilete daftari, akasema tuanze upya.

Huku nyuma mie nikawa mpelelezi. Nilichomoa memori nikaisugua kwa ufutio, nikakaza nyaya. Jamali fundi redio aliinusa, akasema hapa hakijaungua kitu. Nikamsihi aseme polepole. Kisha nikajiuliza: kama diski imekufa, yale maneno kabla ya vidoti inayasoma wapi? Nikarudi kwenye maelekezo ya sidii. Ukurasa wa mwisho, ambao haraka ya mgawo haikuniacha niufikie, ulisema ukiweka kerneli mpya lazima uendeshe programu ndogo iitwayo lilo, ili mashine ijue kerneli imekaa wapi kwenye diski. Yangu ilikuwa inafuata anwani ya zamani na kuokota takataka! Nikawasha kwa ile disketi uliyoniachia, nikaandika herufi nne tu, nikawasha tena. Ikapanda. Nilipiga kelele hadi Baba akauliza kama nimeona panya. Nikasema ndiyo, panya.

Sasa kosa langu lenyewe. Leo ni siku ya kumi na mbili tangu ipone, na Baba sijamwambia. Nilifungua faili lako. Kurasa arobaini za wanaume, na Mama ana mstari mmoja: mwaka wa ndoa na mwaka wa kufariki. Kwenye daftari langu ana kurasa kumi na moja. Nimejua kuwa alikataa posa ya Baba mara mbili, kwa sababu Baba alipenda kutembea na redio begani. Mimi alinifia nikiwa na miaka miwili, Kaka. Sikuwa na chochote chake. Baba akijua mashine inafanya kazi, atanyamaza akusubiri wewe.

Kwa hiyo ukimwandikia, tafadhali mpe pole ya kompyuta.

Farheen anakusalimu, na shangazi pia. Jana Baba alifika kwenye siku niliyozaliwa, akachoka, akasema tutaendelea leo. Naishia hapa, ananiita.

Mdogo wako,
Naima binti Mwinshehe