Namba Tasa ya Mwalimu Hamisi

Ijumaa, Nachingwea. Mawingu tangu asubuhi na mvua haishuki. Matrekta ya mradi wa karanga yananguruma porini, na mimi sina raha.

Jumatatu mwalimu mwenzangu, Hamisi, alirudi kutoka kwao Narung'ombe, anakoishi mama yangu. Akanipa salamu za mama kwa haraka, akaingia darasani. Nilikuwa nimesimama mlangoni alipoandika ubaoni: 131,071. Akawaambia watoto kwamba ukianza na moja, ukaizidisha kwa mbili mara kumi na saba, kisha ukaondoa moja, unaipata hiyo.

"Ni namba tasa," akasema. "Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Uihangaikie utakavyo, haitoi kitu."

Kisha akanitazama.

Mimi na mke wangu Somoe tuna miaka saba ya ndoa na hatujapata mtoto. Mama anataka nioe mke wa pili. Nikajua Hamisi katumwa.

Tangu siku hiyo kila alasiri nagawanya. Kwa tatu, kwa saba, kwa kumi na moja, kwa kumi na tatu. Nilitaka nipate namba moja tu inayoingia, nimwumbue. Sikuhitaji kupita 362, kwa sababu kigawanyo kinachozidi hapo lazima kiwe na mwenzake mdogo, na huyo ningekuwa nimeshamkuta.

Jana nilimaliza. Kila mara imebaki baki.

"Mwalimu, hiyo namba imekukosea nini?" Somoe aliniuliza. Nilifunika daftari. Nilishaanza kushuku kwamba hata yeye anajua jambo.

Leo, baada ya swala ya Ijumaa, nilimvuta Hamisi pembeni.

"Bwana Hamisi, mama alikutuma kwangu?"

"Alinituma nikwambie uoe. Njia nzima natafuta maneno, nikayakosa. Ile namba ilikuwa somo tu, ndugu yangu. Nilipotamka tasa nikakuona mlangoni, nikaona haya."

Kumbe lile jicho lilikuwa la haya. Lakini kutumwa, katumwa kweli. Sijui nimchukie au nimshukuru.

Nikarudi nyumbani nikamweleza Somoe yote. Alikuwa anamenya mihogo, na hakuacha kumenya.

"Kwa mganga aliyetakwa na mama yako, nimekwenda," akasema. "Hospitali ya Mnero nimekwenda, wakaniambia hawaoni kasoro. Wewe umekwenda wapi?"

Sijakwenda popote.

Wiki nzima nimemshuku Hamisi, nimemshuku mama, nimemshuku mke wangu ndani ya nyumba yangu. Mwili wangu mwenyewe haukunipitia akilini hata mara moja.

Jumatatu nitaomba ruhusa shuleni niende Mnero. Somoe amesema tutakwenda wote.

Na nikiambiwa kwamba ni mimi, je, mama atamtafutia Somoe mume wa pili?