Jezi ya Mganga

Jumatatu, 3 Machi

Daftari langu, hujambo? Umelalaje chini ya mto? Mimi mzima, namshukuru Mungu, ila mgongo unalalamika — mashuka tisini ya hoteli leo, na mpiga pasi ni mimi peke yangu.

Tumeshinda tena! Kwenye mchezo wetu wa kompyuta, wanne kwa wanne, mimi ndiye mganga. Siui mtu. Naponya wenzangu, nawakinga. Zamani kila mtu aliikimbia nafasi hii kama ukoma, nikapewa mimi kwa kuwa ni mkubwa na sijui kukataa. Ilichosha! Ubao wa matokeo unahesabu waliouawa tu; uliyemponya hata hageuki nyuma.

Ndipo nikabuni pini. Kila ninayemrudisha kutoka mlango wa kaburi, nachoma pini moja kwenye kimto changu cha kushonea, naye lazima apaze sauti: "Nimepokea, Dada!" Mechi ikiisha, mwenye pini nyingi anasimama kutusimulia alivyotaka kufa. Leo shemeji, mume wa mdogo wangu, kapata saba. Fundi friji, mwenzetu wa nne, akamuuliza kama yeye ni askari au mgonjwa wa kulazwa. Tumecheka mpaka machozi. Siku hizi wanagombea zamu ya uganga!

Mdogo wangu, nahodha wetu, kaniomba niandike mbinu zangu zote zisipotee. Nimekuchana kurasa sita, daftari, unisamehe. Hata dua yangu ya kabla ya mechi nimeiandika.

Alhamisi, 6 Machi

Mdogo wangu kaleta jezi nne za mashindano ya Jumamosi nizipige pasi. Mgongoni zimeandikwa NAHODHA, NGAO, MSHALE, MGANGA. Ya mganga — ndogo! Hainipiti kifuani. Maskini, fundi cherehani kakosea vipimo. Sikutaka kumtia mdogo wangu wasiwasi. Nimefumua mbavuni, nikatia vipande vya shati langu la zamani la kazini.

Ijumaa, 7 Machi

Imenikaa! Nimejigeuza mbele ya kioo kama bibi harusi. Astaghfirullah, na umri huu.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeivaa tangu nyumbani. Mlangoni mwa ukumbi mdogo wangu akaitazama. Akasema hiyo ni ya Sindano.

Sindano ni mwenzake wa kazi kwenye duka la miwani. Binti mwembamba, vidole vyepesi. Kurasa zangu sita mkononi mwake, zimekunjwa, zina alama ya kikombe cha chai. Nikauliza tangu lini. Wiki mbili wanafanya naye mazoezi. Wiki mbili! Na Jumatatu tulikuwa tunacheka pamoja.

Shemeji anatazama viatu vyake. Fundi friji, bila haya, akaniuliza: "Kimto umekileta, Dada?"

Mdogo wangu akanishika mkono. "Wewe ni wa nyumbani, Dada. Utaelewa."

Basi ndiyo hivyo. Mgeni huombwa radhi. Wa nyumbani huelewa.

Nikaenda kuivua, nikampa. Ikamkaa Sindano kama gunia. Nikaketi na watazamaji. Mechi ya kwanza, dakika ya pili, nikasikia sauti ya shemeji: "Nimepokea!" Anamwambia mwingine. Mimi ndiye niliyefumuliwa mbavuni.

Wameshindwa ile ya kwanza. Binti hana kosa. Kila wakizidiwa anatazama karatasi ajue amwahi nani. Karatasi haisemi. Mimi husikiliza: shemeji akikaribia kufa hunyamaza, fundi friji hutukana, mdogo wangu pumzi huwa fupi-fupi. Hilo sikuliandika. Sikujua kama nalijua.

Sasa niko chumba cha kubadilishia nguo, nimejifungia. Nimekuja kulia, nikaona heri niandike. Bado mechi ya pili. Wakishindwa hii, wametolewa. Jezi imepitishwa chini ya mlango, iko miguuni pangu, vipande vyangu vya kazini vinaonekana. Ee Mola, nionyeshe: nikiingia ni huruma, au ni kule kutojua kukataa?

Mdogo wangu yuko nje. Anasema Sindano kaivua mwenyewe. Anasema zimebaki dakika tano.

Nimeshika kimto. Pini zote zipo.

"Dada? Nijibu basi. Nijibu upesi, Dada."

Pumzi zake ni fupi-fupi.