Ulikuwa Mzima kwa Kiswahili Tu

Mwanangu Mejumaa,

Leo nimefua peke yangu. Mashuka ya bibi yako, kanzu ya baba yako, na ile leso yako ya njano ambayo haina uchafu wowote lakini naifua tu. Mama Achieng' alikuwa kwenye cherehani yake pale mlangoni pa chumba chake. Aliniona nikiikamua mara ya pili, akaendelea kushona. Amejifunza kunyamaza, yule mpangaji wetu uliyemjua kwa kelele.

Unakumbuka nyumba hii ilivyokuwa asubuhi? Bibi yako alikuwa na sheria moja: hunywi chai kabla hujamwamkia kila mkubwa kwa lugha yake. Ulianza na yeye kwa Kidigo, ukavuka ukumbi kwa Mama Achieng' na Kijaluo chako cha kuchekesha, ukaja kumalizia kwangu jikoni kwa Kikamba. Wenzako wa shule walipoingia na Sheng yao ya hapa Ukunda, bibi aliwatoa mbio. "Hayo maneno yaacheni huko huko barabarani. Humu ndani mwaamkia watu!"

Kikamba kilikuwa chetu wawili. Baba yako alinioa akanileta kwa watu wake, nikasilimu, nikajifunza Kidigo mpaka nikaweza kugombana nacho. Yeye Kikamba kilimshinda kabisa. Tulikuwa tukifua hapa uani, wewe na mimi, tukimsema kwa raha zetu naye amekaa pale pale.

"Mwanisengenya," anasema.

"Twakusifu, baba," unamjibu, kisha tunacheka mpaka povu linatuingia puani.

Halafu ukaenda Uarabuni. Hoteli za Diani zilikupa vibarua vya msimu tu, nawe ulikuwa umechoka kungoja msimu. Kila Ijumaa ulipiga simu, tukaiweka katikati ya uani na sauti juu, kila mtu apate salamu yake kwa lugha yake. Baba yako ulimwambia kwa Kiswahili chenu, "Mzima, baba, Alhamdulillahi." Mimi uliniweka mwisho.

Ijumaa moja uliniambia kwa Kikamba, huku ukicheka, kwamba yule mama mwenye nyumba unayofanyia kazi anakupiga kwa waya wa pasi. Ulicheka, mwanangu. Ukaniambia nicheke na mimi, kwa sababu amesimama karibu yako, na mfanyakazi wao mmoja wa siku nyingi anajua Kiswahili, hata Kidigo anakipata, na humtafsiria kila neno. Nikacheka. Bibi yako alipotuona tunacheka naye akacheka, akasema, "Hawa wawili na Kikamba chao!" Moyo ulikuwa umekufa ganzi na meno yangu yako nje.

Nilimwambia baba yako jioni ile ile. Alinitazama sana. Hakuniona mwongo, najua, lakini masikio yake yalikuwa yamesikia Kiswahili chako na alitaka mno kuyaamini. Kesho yake tulikwenda kwa wakala aliyekupeleka, ofisi yake iko ghorofani karibu na stendi. Akakupigia mbele yetu.

"Mzima, baba," ukasema.

Wakala akatabasamu. "Mama, umesikia mwenyewe. Mtoto yuko sawa kabisa."

Nikamnyang'anya simu. Nikakwambia kwa Kikamba: sema kwa Kiswahili, sote tunakusikiliza. Ukanijibu kwa Kikamba kwamba huwezi, yule mama yuko hapo mlangoni. Kisha ukasema, "Mwaitu, njoo unitoe," na simu ikakatika. Mwaitu, vile nilivyokuwa nikimwita mama yangu.

"Amesema nini?" wakala akauliza.

Nikamwambia.

"Hayo umesema wewe, mama. Yeye amesema ni mzima."

Nilimwomba aite Mkamba yeyote kutoka barabarani, wamejaa tele, akupigie tena asikie mwenyewe. Akasema ana watu wanangoja. Baba yako alimkamata shati, mlinzi akatutoa. Tulipanda na kushuka ngazi za maofisi, hapa na ng'ambo ya feri, kila mahali wakituambia turudi. Namba yako haikupatikana tena. Halafu wakatuarifu kwamba umeanguka ngazini.

Tulikuzika Bongwe, kwa watu wa bibi yako. Kabla ya hapo alisema atakuosha kwa mikono yake, na hakuna aliyethubutu kumzuia. Mimi nilikuwa namwagia maji. Alipofika mgongoni, mkono wake ulisimama. Aliziangalia alama zile, nyembamba, ndefu, za zamani na za juzi. Kisha akaniangalia mimi.

"Alikwambia?"

"Alinambia, mayo," nikamjibu mama mkwe wangu.

"Kwa Kikamba?"

"Kwa Kikamba."

Akaendelea kuosha.

Siku hizi nyumba hii inaongea Kiswahili tu. Mmeamkaje, salama, basi. Mama Achieng' hajaamkiwa kwa Kijaluo tangu tukuzike. Nina hasira, Mejumaa, hasira ambayo swala haijaipoza. Ofisi ya wakala iko wazi na wasichana wamejipanga kwenye ngazi zake wakicheka na simu zao. Nikipita huwaambia. Wengine husikiliza, wengine huniona mwehu.

Baada ya arobaini, bibi yako alikuja nilipokuwa nikifua, akavuta kigoda akakaa mahali pako.

"Nifundishe Kikamba," akasema.

"Mayo, kwa umri huu?"

"Wewe ulimsikia mtoto. Mimi nilikuwa nacheka. Nataka nimsikie, kwa maneno yake mwenyewe. Usinitafsirie."

Kwa hiyo tunajifunza. Tulianza na salamu, tukaja kwenye maji, moto, mlango. Ulimi wake mzito, anakosea, na nikicheka ananifinya. Jana asubuhi aliingia jikoni kwa fimbo yake akaniamkia kwa Kikamba, mimi mkwe wake, kabla hajagusa chai. Ilibidi nitoke nje nikashike ukuta.

Nimeanza kumpa maneno yako, simu moja baada ya nyingine. La waya wa pasi nilimpa juma lililopita. Alilirudia polepole mpaka akalipata, kisha akaingia chumbani kwake na hakula siku hiyo. Lakini kila siku ananiuliza ulisema nini mwisho, nami namwambia hatujafika huko. Ni mzee, Mejumaa. Sijui kama kifua chake kitalibeba, maana changu hakilibebi.

"Njoo" analijua tayari. Lile linalofuata sijamfundisha.

Mimi uliyeniita nisifike,
Mwaitu wako