Mkono Uliokataa Kunyooka

Mjukuu wangu Rehema,

Marahaba, mama. Hapa Mchafukoge hatujambo. Bibi yako amepata miwani mipya, na sasa analiona vumbi lote ninaloliacha nikifagia.

Umeuliza kama uache ngumi kwa kuwa kiwiko chako hakinyooki tena. Changu pia kilivunjika ujanani, kikapona kikiwa kimejikunja. Kocha alinipa Jumamosi moja tu: nikishindwa kupigana, nafasi yangu kwenye timu anampa mwingine.

Siku hizo nilikuwa nikibeba magunia ya mchele Kariakoo. Mwenye gunia begani hasukumi watu kwa mikono. Anawapita kwa kugeuza miguu na nyonga. Jumamosi ile nilirusha ngumi ndefu, haikufika. Mpinzani wangu akacheka, "Kaka, mkono huo fundi kaupunguza kama suruali?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, hata mimi. Kisha nikamsogelea kama ninayepenya katikati ya wateja, nikageuza nyonga, na mkono mbovu ukaenda ukiwa umejikunja vile vile ulivyotaka. Ukamkuta mbavuni. Akakaa chini.

"Kumbe!" kocha akasema. "Basi cheza hivyo hivyo."

Muulize daktari kwanza, mama. Akikuruhusu, jifunze kutumia miguu, ukae karibu na mpinzani wako.

Kiwiko changu hakijanyooka mpaka leo. Bibi yako anasema ndiyo sababu nikimkumbatia huwa simwachii.

Babu yako anayekuombea,
Mzee Salum