Maoni Yetu Kuhusu Sura ya Kumi na Nne

3 Februari

Mwanangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, unakula vizuri na masomo hayajakuelemea. Mimi sijambo, isipokuwa mgongo, ambao unalalamika kwa kukaa kutwa kwenye kiti kimoja nikisahihisha maandishi ya watu.

Nina kazi ya kuwapa, wewe na wenzako wa klabu ya kusoma. Hapa kwenye kampuni yetu ya vitabu tumepata mswada wa riwaya ya vijana. Ni mambo ya vivuli na majini, na mji uliojengwa chini ya mto. Ofisini wameusoma watu wawili. Mmoja kasema ni mzuri, mwingine kasema vijana wa siku hizi hawasomi kitu. Wote wawili wameshapita miaka hamsini. Nikawaambia, kwa nini tusiwaulize vijana wenyewe? Wakakubali ili ninyamaze.

Nakutumia sura kumi za kwanza, nakala tatu. Mwandishi hataki jina lake litajwe kwa sasa, kwa hiyo msimwonee haya. Mkiona pabaya, semeni pabaya.

Jambo jingine. Baba yako ananiambia unamjibu barua zake kwa mistari miwili kama telegramu. Tangu mama yako atutoke, yule bwana hana mwingine wa kumwandikia. Jitahidi.

Shangazi yako


24 Februari

Shikamoo Shangazi,

Mimi mzima, na kikohozi kilichokuwa kimenishika kimekwisha. Pole na mgongo. Weka mto nyuma, ndivyo anavyofanya mwalimu wetu wa jiografia.

Mswada tumeusoma wote tisa kwa zamu, maktaba, baada ya kufua siku za Jumamosi. Nimeandika maoni kama yalivyosemwa, sijapunguza makali.

Twiga (ndiye mrefu kuliko wote) ana tatizo na yule mvulana nusu jini. Ameuliza hivi: mtu ameishi miaka mia tatu, ameona wafalme na vita, halafu anampenda msichana wa kidato cha pili aliyemwona kwenye foleni ya maji? Miaka yote hiyo hakuona mwingine? Na kama ana miaka mia tatu, bado anakaa darasani kufundishwa hesabu za sehemu? Twiga anasema hayo si mapenzi, ni kufeli mtihani mara nyingi. Wengine wawili wanampenda hivyo hivyo kwa sababu ya macho yake. Hatukuweza kuwabadilisha.

Hakimu, ambaye huwa anahukumu kila kitu hata uji, ameorodhesha makosa ya uchawi. Ukurasa wa arobaini kivuli hakiwezi kuvuka maji. Ukurasa wa mia na kumi na mbili kinaogelea. Anasema uchawi ni kama mpira, usipokuwa na sheria hakuna aliyeshinda.

Sote tumekubaliana kwamba Mfalme wa Vivuli anaongea mno. Kila akitaka kumuua mtu anatoa hotuba kwanza, kama mwalimu wa zamu mbele ya gwaride. Tungekuwa sisi tungeshakimbia.

Tena yule shujaa hafui, hana zamu ya kufagia, hapati hedhi. Siku kumi na nne amekuwa safarini na gauni moja jeupe. Mwandishi ni mwanamume?

Miwani hakusema mengi. Yeye haongei sana. Ila ameusoma mara mbili, na anauliza zilizobaki zitakuja lini.

Mimi nimependa mji wa chini ya mto, hasa pale watu wanaponing'iniza nguo na haziwahi kukauka. Hapo niliamini.

Baba nimemwandikia. Mistari mitano safari hii.

Mwanao


6 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nimefurahi kwamba kikohozi kimekuacha. Mto nimeuweka, nao umesaidia.

Maoni yenu nimeyasoma kwa sauti ofisini. Yule aliyesema vijana hawasomi ameomba nakala ya barua yako. Kuhusu gauni jeupe, mwandishi ni mwanamke, na ameona aibu. Amesema hotuba za Mfalme atazikata nusu, na kivuli hakitaogelea tena. Jini wa Twiga bado anamfikiria.

Nakutumia sura ya kumi na moja hadi ya kumi na sita. Someni bila haraka. Ningependa hasa kujua mnaionaje sura ya kumi na nne, na zaidi ningependa kujua wewe unaionaje.

Mistari mitano ni mwanzo mzuri.

Shangazi yako


20 Machi

Shikamoo Shangazi,

Tu wazima.

Sura ya kumi na nne imeliza klabu nzima. Hata Hakimu alijifanya anatafuta kalamu chini ya meza. Pale mama wa shujaa, aliyekufa, anapogonga mlango na kukaa na binti yake mpaka jogoo wa kwanza, wakaagana vizuri, kila mtu alisema hicho ndicho kipande bora cha kitabu chote. Miwani, ambaye baba yake alifariki yeye akiwa darasa la nne, aliomba kubaki na kurasa hizo Jumapili nzima. Hayo ndiyo maoni ya wengine.

Maoni yangu ni haya. Ni uongo. Waliokufa hawarudi kuaga. Mimi nilikaa kwenye mtihani wa taifa kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Jumamosi ndipo Baba akaja na gari la kukodi akaniambia kwamba Mama alikufa Jumanne na alizikwa Jumatano. Jumanne hiyo nilikuwa nafanya mtihani wa historia. Hakuna aliyegonga mlango wowote.

Jingine. Mama wa kwenye kitabu anatengeneza saa. Anaongea huku ameshika skrubu ndogo kwa midomo, kwa hiyo maneno yake yanatoka yamebanwa, na binti yake peke yake ndiye anayemwelewa. Shangazi, mimi sijawahi kukutana na fundi saa mwingine mwanamke, na skrubu mdomoni nimeiona kwa mtu mmoja tu. Kwa hiyo mwandishi namjua. Wenzangu sijawaambia.

Sitaendelea na sura zilizobaki. Hakimu atakutumia maoni ya klabu.

Mtoto wa ndugu yako


2 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Ndiyo, ni mimi niliyeandika. Nilipaswa kukuambia tangu mwanzo, na si kukutega. Nisamehe kwa hilo.

Niandikie hata neno moja.

Shangazi yako


11 Mei

Mwanangu,

Maoni ya klabu nimeyapata kwa mkono wa Hakimu. Ya kwako hayakuwemo. Ni wiki saba sasa tangu barua yako ya mwisho. Nilisema nisubiri, lakini naona nilichokiandika mimi ni kitabu, na wewe hukuomba kitabu. Umeniambia siku za ule msiba kama mtu anayesubiri apewe zilizobaki. Basi nakupa. Sitaongeza wala kupunguza.

Mama yako alilazwa Jumatano ya wiki iliyotangulia mtihani wenu. Ilikuwa figo. Nilifika Alhamisi kumuuguza, baba yako akawa anakuja asubuhi kabla ya kufungua karakana na jioni akishafunga, nguo zikinuka moshi wa kuchomelea. Siku nne za mwanzo mama yako aliongea na alikula. Alinituma nimletee saa tatu za wateja zilizokuwa mezani kwake akazimalizia kitandani, nesi akamgombeza.

Jumapili daktari alituita nje, akasema hali si nzuri. Baba yako akasema, "Nakwenda kumchukua mtoto." Alikuwa ameshashika funguo za pikipiki yake. Mimi ndiye niliyemzuia. Nilisema kesho yake mnaanza mtihani, na mama yako hajafika hapo bado, daktari anatutisha tu, mtoto amalize kwanza. Nilisema umesoma miaka miwili, hatuwezi kukuharibia kwa wasiwasi. Baba yako alibishana. Mimi ni mkubwa kwake na nilimlea. Akaziweka funguo mfukoni.

Jumatatu jioni mama yako aliniambia, "Mleteni." Neno moja tu. Nikamjibu, "Kesho." Sikumdanganya kwa makusudi, niliamini kesho ipo. Alfajiri ya Jumanne alikata roho, mkono wake ukiwa kwenye wa baba yako. Baada ya hapo niliendelea na njia ileile kwa sababu niliona haya kurudi nyuma. Mimi nikasema azikwe, umalize karatasi zako, uambiwe Jumamosi.

Siku uliporudi ukamuuliza baba yako kwa nini, alinitazama. Nilikuwa nimesimama jikoni na sufuria mkononi. Nilinyamaza. Akakujibu, "Tuliona hivyo ni bora." Tangu siku hiyo hasira yako yote imemwangukia yeye, nami nimekaa pembeni nikikuandikia barua za kukuhimiza umwandikie. Hilo ndilo baya kuliko yote niliyofanya, na nimelifanya kila mwezi kwa mwaka mzima.

Sikuombi unijibu. Ukitaka sura ya kumi na nne iondolewe, nitaiondoa. Kampuni nimeiambia isubiri.

Shangazi yako


18 Juni

Shangazi, shikamoo.

Niko nyumbani, tumefunga shule. Sote wazima. Baba amepungua kidogo, lakini anasema ni joto.

Barua yako ilinifikia kwenye wiki ya majaribio ya muhula. Niliisoma kisha nikafanya karatasi ya kemia. Sijui niliandika nini humo.

Nilipofika nyumbani sikuweka hata sanduku chini, nilikwenda moja kwa moja karakana. Baba alikuwa anachomelea geti la mtu. Nilisubiri avue ile barakoa ya uso nikampa barua yako. Aliisoma amesimama, akaisoma tena ameketi juu ya ndoo. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia siku ileile kwamba haikuwa yeye.

Akasema, "Funguo zilikuwa mfukoni mwangu. Hakuna aliyezichukua."

Nikamwambia lakini Shangazi ndiye aliyemzuia. Akasema ndiyo, na yeye ni mtu mzima mwenye miguu, na kila siku anajiuliza kwa nini hakuondoka. Akaongeza kwamba usiku ule hospitali ulikuwa hujalala siku tano, na ulikuwa umempoteza rafiki zaidi ya wifi, na hakuona faida ya kukulaumu mbele ya mtoto. Kisha akarudi kulimaliza geti kwa sababu mwenye geti alikuwa anakuja saa kumi. Nilimshikia nondo. Jioni tulikula pamoja mezani. Tangu msiba nilikuwa nachukua sahani nakwenda kula chumbani.

Baadaye alinieleza kitu ambacho wewe hukukijua. Alfajiri ile, wewe ukiwa umetoka kuita nesi, Mama alimuuliza leo ni siku gani. Akamwambia Jumanne. Mama akasema, "Ana historia leo. Historia anaiweza." Halafu hakusema tena. Baba alikaa na maneno hayo mwaka mzima kwa sababu mimi sikuwa nampa nafasi ya kuyasema.

Sasa nije kwenye kitabu. Sura zilizobaki nimezisoma, na ya kumi na nne nimeirudia mara tatu.

Usiiondoe. Miwani ameinakili yote kwa mkono kwenye daftari, kurasa kumi na tisa. Nilimuuliza kama anaamini wafu wanarudi. Akasema haamini hata kidogo, lakini baba yake aliondoka asubuhi kwenda kazini yeye akiwa bado amelala, na sasa angalau anajua mazungumzo yao yangekuwa ya namna gani. Mimi siihitaji, yeye anaihitaji. Siwezi kumnyang'anya kwa sababu yangu. Jini wa Twiga pia mwache, ila awe ameacha shule.

Lakini kuna kitu kimoja hakiwezi kubaki. Karibu na mwisho wa sura, mama anapoinuka kuondoka, anamwambia binti yake, "Na yule aliyekuzuia kuja, nimemsamehe." Wenzangu waliipita mistari hiyo bila kuiona. Mimi niliiona, nikajua umeiandika kwa ajili ya nani.

Hiyo ikatwe, Shangazi. Mama alisema "Mleteni," akasema na lile la historia. Hakuna mahali aliposema hivyo, na huwezi kumwekea maneno mdomoni kwa sababu hayupo kukataa. Mwenye kuweza kuyasema sasa ni mimi, na mimi bado sijafika hapo. Sisemi sitafika. Nasema sijafika.

Baba anakuuliza mgongo unaendeleaje. Anasema kuna kiti cha chuma anakutengenezea, chenye egemeo lililonyooka, na utakuja kukichukua mwenyewe kwa sababu hakuna gari litakalokubali kukibeba bila mwenyewe. Nilimwambia kiti kama hicho kinapatikana madukani. Akasema anajua.

Tutafungua shule tarehe ishirini na tisa. Kabla ya hapo nipo hapa.

Mwanao