Muhuri wa Chama Haukuwa wa Kumtolea Mtu Polisi

Mjukuu wangu Kabula,

Una akili gani wewe? Mtu mzima, umechaguliwa na wenzako kwa mikono juu, halafu unakimbilia Sengerema kujificha kwa shangazi yako kama mwizi wa kuku! Marahaba yangu iko hapa Igoma, siitumi. Njoo uniamkie kwanza.

Shangazi yako amenieleza yote kwa simu. Usimnunie, ni mimi niliyembana.

Unakumbuka siku uliporudi kutoka kiwandani unanuka sangara, ukasema, "Bibi, chama cha wafanyakazi kimenichagua mdhamini"? Nilitupa mwiko. Nikakuambia, "Rudi ukakatae! Babu yako alimdhamini mtu mahakamani Magu, mtu akatoroka, ng'ombe zetu zikaenda!" Ulicheka mpaka ukakaa chini. Ukanieleza taratibu kwamba udhamini huu ni mwingine: pesa za wanachama na kile kiwanja chao vinakaa mikononi mwa watu watatu, wewe na wanaume wawili, na hakitoki kitu bila saini zenu zote. Nikaelewa. Niliishia darasa la tatu, lakini masikio ninayo.

Shida ni kwamba mtaa mzima ulilisikia hilo neno kama nilivyolisikia mimi. Mama Sele akaja analia, khanga imemdondoka begani: "Kabula mwanangu, Sele kakamatwa, na wewe si ndiyo mdhamini? Twende ukamtoe." Nilikuwa nachagua mchele. Nikakuambia, "Mwambie siyo udhamini huo." Wewe na huruma zako ukaenda. Polisi wakataka mtu mwenye kazi inayojulikana, ukaandika barua kwa jina la chama, ukaigonga muhuri wa chama.

Haya, Sele alikwenda mahakamani kila alipoitwa, kesi ikaisha, hakuna aliyepoteza kitu. Lakini ule muhuri haukuwa wako. Ni wa watu wanaosimama kwenye barafu kutwa nzima wakikata minofu. Hukuwauliza.

Sasa katibu wenu wa tawi ameijua hiyo barua. Anataka kiwanja kiuzwe kwa rafiki yake, wenzako wawili wameshasaini, umebaki wewe. Eti, "Saini tu, dada, na mimi hayo ya polisi nitayasahau." Ndipo ukapanda feri. Ulidhani umemkomesha? Ukikaa huko atawaambia wanachama umetoroka, atamweka mdhamini mwenye kalamu nyepesi, na kiwanja kimekwenda.

Mimi nakujua tangu mdogo. Nilipokuwa naanika dagaa kule ziwani, siku moja nilikuachia turubai ufukuze ndege. Niliporudi nikamkuta dada yangu amevimba, bakuli tupu mkononi. "Huyu mjukuu wako ananinyima dagaa!" Nawe umeshika fimbo yako: "Bibi mkubwa, siyo zangu. Msubiri mwenyewe." Dada yangu alininunia mpaka mavuno. Mimi nilizunguka kujisifu kwa kila aliyekuwa na masikio. Mtoto yule nilimlea mimi, na sioni alipoingia mwingine.

Nimekukasirikia, na nina hamu ya kukuona. Yote mawili ninayo, na silipunguzi hata moja. Chai nachemsha ya watu wawili kwa mazoea, nakunywa mwenyewe na kusonya.

Barua hii sikuitia gundi. Anayeileta akitaka kuisoma, asome. Kinachompa katibu nguvu ni wewe kuogopa watu wasijue. Wakijua, amebaki na nini?

Mkutano wenu ni Jumamosi. Ijumaa panda feri, uje moja kwa moja kwangu, ule, ulale. Asubuhi vaa lile gauni la kitenge, siyo suruali. Katibu asianze kusema kabla yako. Simama, waambie kwa mdomo wako mwenyewe ulichofanya na muhuri, uwaombe radhi. Halafu waambie kiwanja chao kinataka kuuzwa na nani, kwa nani. Wakiamua kukutoa, wakutoe wao waliokuweka. Lakini mpaka dakika hiyo wewe ni mdhamini wao, na kalamu hiyo usiiguse.

Mimi bibi yako, mama wa baba yako.