Baba wa Nyangeta

Buhare, Musoma

Mjukuu wangu Neema,

Salamu zikufikie hukohuko chuoni. Mama yako mdogo amejifungua mtoto wa kiume. Babu yako anakohoa kidogo, lakini anakula.

Umeniuliza kama watoto tuliokuwaga tunawalimia pale misheni walikuwa yatima wote. Si wote.

Miaka ile maduka yalikuwa matupu, kwa hiyo chakula cha watoto tulikilima wenyewe, na maziwa tulipata kwa mbuzi wetu. Siku moja akaja mwanamume kutoka Kibara, akaomba kulima bila mshahara. Alilima vizuri, ila kila mara alichagua upande wa karibu na uwanja wa watoto.

Kisha Nyangeta, mtoto aliyeletwa kwetu kama hana wazazi, akaanguka akicheza. Yule mtu akatupa jembe, akakimbia kumwinua. Mtoto akamwambia, "Baba, naumia goti."

Sista msimamizi alikuwa karibu. Akauliza, "Huyu ni wako?"

"Ni wangu, Sista. Mama yake alifariki, na nyumbani hatuna chakula. Mngejua nipo msingempokea."

Utaratibu ulikuwa hivyo kweli, nikajua wataondoka wote wawili. Sista alitazama shamba, akasema, "Kesho ukimaliza kulima, kaa ule naye."

Alikula naye hadi mihogo yake Kibara ilipokomaa, akamchukua mwanawe. Mimi niliyekuwa mpishi pale, tangu siku ile nilimpakulia kila mtoto aliyeleta sahani, bila kuuliza ametoka kwa nani.

Babu anakusalimu sana.

Bibi yako,
Nyamisi